Maswali yenu kuhusu Korea: hekalu, sakafu ya moto na kimchi

Tunataka kulala usiku mmoja katika hekalu la Kibudha na watoto wetu wa miaka 7 na 11. Sisi ni Waislamu. Tutatakiwa kusujudu? (Mama wa wawili, Mombasa)

Hapana mama, mradi mchague aina inayowafaa tangu mnapoweka nafasi. Mahekalu ya Korea Kusini yalianza mpango wa kulaza wageni mwaka 2002, nchi ilipoandaa Kombe la Dunia pamoja na Japani. Mpango wa mafunzo una ibada ya alfajiri, kutafakari, na mara nyingi kusujudu mara 108 huku mgeni akitunga ushanga mmoja kwa kila sijida. Mpango wa mapumziko huwaachia wageni muda wao. Linalosisitizwa ni saa za kula na za kunyamaza. Chukueni huo. Watoto wakiamka alfajiri, wasikilize kengele na ngoma wakiwa uani, na wala hawatakosa kitu.

Kinachowakwamisha wengi ni kuchelewa. Fikeni kati ya saa 8 mchana na saa 10 alasiri, kwa sababu chakula cha jioni hutolewa mapema, na akija mgeni saa 2 usiku jikoni kumeshafungwa. Chakula hakina nyama, samaki, vitunguu wala vitunguu saumu. Pakueni mtakachomaliza, maana kubakiza chakula hekaluni ni utovu wa adabu. Ulizeni pia kama kuna chumba cha familia. Pasipokuwepo, baba atalala upande wa wanaume.

Tumepanga hanok, nyumba ya jadi. Watoto wataweza kulala sakafuni? (Baba Neema, Arusha)

Wataweza vizuri sana. Sakafu yenyewe ndiyo hita: zamani moshi wa jiko ulipita chini ya mawe, siku hizi ni mabomba ya maji ya moto. Mfumo huu, ondol, hupasha polepole. Wageni hungoja dakika kumi, hawasikii joto, wanapandisha hadi 30, kisha usiku wa manane watoto wanatokwa jasho na kulia. Weka nyuzi 22 hadi 24, subiri saa moja au mbili, usiguse tena. Godoro lao ni jembamba, basi omba la pili uyapandanishe. Tundika taulo lenye unyevu, kwani hewa hukauka na koo huwasha. Waonye watoto kuhusu milango ya karatasi. Kidole kimoja tu huitoboa.

Mkienda kutembea Bukchon, mtaa wa hanok jijini Seoul, kumbukeni watu wanaishi mle. Sehemu yake imefungwa kwa watalii kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 asubuhi, na tangu Machi 2025 faini ni won 100,000. Wageni waliolala humo hawahusiki.

Tukivaa hanbok, vazi la jadi, ni kweli hatulipi kuingia kasri la Gyeongbokgung? (Msomaji, Kampala)

Kweli. Ila msiende Jumanne, hufungwa.

Nina mtoto wa kiume wa miaka 6, nasafiri peke yangu. Naweza kuingia naye bafu la jjimjilbang, nyumba ya umma ya kuoga na kujipasha joto? (Dada wa Muscat)

Hapana dada. Mtoto aliyetimiza miaka 4 haruhusiwi upande wa jinsia nyingine, na kule watu huoga uchi. Ukumbi wa pamoja, wenye vyumba vya joto, wote huvaa fulana na kaptula. Nendeni huko, ila msimweke muda mrefu, na mpe maji.

Darasa la kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa viungo, lina nyama? Na tunaweza kurudi nayo nyumbani? (Familia ya Nakuru)

Nyama kwa kawaida hapana, lakini mara nyingi huwa na kamba wa chumvi au mchuzi wa samaki, hivyo mwenye mzio aseme mapema. Kabichi huhitaji chumvi kwa saa 6 hadi 8, ndiyo maana darasani mtaikuta imeshalowekwa na kazi yenu ni kupaka viungo jani kwa jani. Kwa mtoto asiyeweza pilipili, ombeni baek-kimchi, ile nyeupe. Safarini, ifungeni kwenye chombo kigumu, mwache robo yake tupu: inaendelea kuchacha na gesi yake hupasua mifuko. Iende kwenye mzigo mkubwa, kwa kuwa kwenye mkoba wa mkononi huhesabiwa kama kimiminika na huzuiwa.