Jimbo haliwezi kuhamisha fedha zote za baiskeli na waenda kwa miguu

Je, jimbo la Marekani linaweza kuchukua fedha zote za serikali ya shirikisho za njia za baiskeli na waenda kwa miguu likazimwaga kwenye barabara kuu? Hapana. Kikomo cha jumla ni nusu, na kwa vitendo ni chini ya hapo. Sheria ya miundombinu ya 2021 inatenga asilimia 10 ya ruzuku kuu ya usafiri wa ardhini kwa miradi hii, na asilimia 59 ya hizo hugawiwa maeneo kulingana na idadi ya watu. Fungu hilo la maeneo haliguswi. Hata linalobaki, jimbo lazima kwanza lithibitishe kwamba liliita maombi, likasaidia waombaji, na bado miradi inayofaa haikutosha.

Sasa, kuna mwanya mwingine na ndio unaoumiza zaidi: fedha zisizotumika. Zamani Congress, yaani bunge la Marekani, ilipoagiza majimbo yarudishe salio, mafungu ya aina hii yaliliwa zaidi kuliko ya barabara. Kwa hiyo kama mji wenu umepewa fedha hizi, ibaneni halmashauri isaini mikataba mapema. Na wakumbusheni, kwa kawaida kuna mchango wa asilimia 20 wa kutafuta wenyewe. Miji midogo hukwama hapo.