Usinunue pampu kwanza: mikunjo ya plastiki inatoka kwenye joto na kalibu

Ndugu, umeeleza kwamba umetengeneza mashine ya kufinyanga plastiki: shiti iliyobanwa kwenye fremu inapashwa moto, kisha inashushwa juu ya kalibu huku hewa ikitolewa chini yake. Umetumia boksi la mbao lenye matundu, ukaliunganisha na huva ya nyumbani (mashine ya kufyonza vumbi), na kila ukitengeneza mwili wa mashua yako ya kielelezo plastiki inajikunja kwenye omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya mashua. Fundi wa friji akakushauri ununue pampu. Zishike hizo pesa kwanza. Mimi niko Kisumu, mashine ninayotumia sasa ni ya tatu kuijenga, na zote nimeziendesha kwa huva.

Huva haiivuti plastiki. Inatoa hewa iliyo chini, na hewa ya juu ndiyo inayoikandamiza. Huku kwetu, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni karibu kilopaskali 88, na huva nzima hupunguza kama 20. Unaweza kuona ni kidogo, lakini piga hesabu: juu ya shiti ya sentimita 30 kwa 30, hizo 20 ni sawa na kilo 180, yaani magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Kwa plastiki ya milimita 1 iliyolainika, zinatosha kabisa. Pampu ya friji hutoa hewa karibu yote, ila polepole. Usipokuwa na tangi lililotolewa hewa mapema, plastiki itapoa kabla haijashika kalibu.

Kilichonitesa mimi ni joto. Mashine ya kwanza niliifunga elementi moja ya oveni katikati ya boksi la bati. Katikati ya shiti ikalegea mpaka ikatoboka, na pembeni bado ngumu kama sahani. Kingo hupoteza joto haraka, kwa hiyo waya unapaswa kuwa mwingi pembeni na haba katikati. Nilipozipanga elementi hivyo na kuacha sentimita 12 kati yake na shiti, nusu ya matatizo yaliisha siku hiyo hiyo.

Jifunze kuisoma plastiki badala ya kuhesabu sekunde, kwa maana stima yetu hupanda na kushuka. Polistairini, ile ya vikombe vya mtindi, kwanza hujikunja mawimbi mawimbi. Wengi huishusha hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Subiri. Itajinyoosha tena, iwe kama ngoma iliyowambwa, halafu ianze kuning'inia. Ikining'inia vidole viwili, washa huva na uishushe kwa mwendo mmoja bila kusita. Ikipita hapo, plastiki inakuwa nyingi kuliko inavyohitajika, na ile ya ziada ndiyo inayogeuka mikunjo.

Sasa omo na tezi zako. Weka kipande cha mbao sentimita 2 au 3 mbele ya omo na kingine nyuma ya tezi, vifupi kuliko kalibu yenyewe. Vitaila ile plastiki ya ziada, kisha utaikata na kuitupa. Kuta za kalibu zilaze kidogo, digrii 3 hadi 5, la sivyo hutaitoa bila kuivunja. Mimi nachonga saiprasi, nasugua msasa laini, na natoboa matundu ya milimita 1.5 mahali ambapo hewa inaweza kunaswa. Niliwahi kutumia ya milimita 5, na kila tundu likaacha chunusi juu ya plastiki.

Kuhusu kuziba, zunguushia ukingo wa boksi mpira wa mlango wa friji kuukuu. Pale sokoni Kibuye, hapa Kisumu, hukosi. Upande wa ndani, pitisha silikoni kwenye kila kiungo.

Kuna mawili nakusihi usiyapuuze. La kwanza, elementi za wati 2,000 pamoja na huva ya wati 1,200 zinavuta zaidi ya ampea 13 kwa volti 240. Usizichomeke kwenye ekstensheni moja, na boksi la bati lazima liwe na waya wa ardhi. La pili, mabaki ya mafundi wa mabango mara nyingi ni PVC, ambayo ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu. Kama hujui plastiki ni ya aina gani, usiipashe moto. Na hata ukiwa na polistairini, fanyia kazi nje au dirisha likiwa wazi.

Ukijaribu plastiki aina ya ABS msimu wa mvua, ikaushe kwanza saa kadhaa kwenye nyuzi 80, kwa maana hunyonya unyevu na kutoa malengelenge. Polistairini haina shida hiyo, anza nayo. Na huva usiizime upesi. Iache ivute mpaka plastiki ipoe na uweze kuigusa kwa kiganja, ndipo uinue fremu.