Kipenyo kwanza, urefu baadaye

Umeuliza kama milimita 90 uliyopima inatosha kununulia stemu, kile kipande kinachoushika usukani na kuuunganisha na foku (uma wa gurudumu la mbele). Hapana, huo ni urefu tu, hautoshi. Kwa baiskeli ya mtumba kama yako, ambayo stemu inazama ndani ya bomba la foku, anza na kipenyo cha hiyo sehemu inayozama. Nyingi ni milimita 22.2, lakini baadhi ya BMX (baiskeli ndogo za michezo) na baiskeli za bei nafuu kutoka Marekani ni 21.1, na za zamani za Ufaransa ni 22.0. Stemu ikiwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, usukani unaweza kugeuka wenyewe kwenye kona hata ukaze bolti vipi.

Halafu pima usukani katikati kabisa, pale unapobanwa, si kwenye mshikio: 25.4, 26.0 au 31.8. Hizo mbili za kwanza ndizo zinazochanganya hata mafundi, kwa hiyo tumia venia (kifaa cha kupimia vipenyo kwa usahihi), rula itakudanganya. Na tafadhali usijazie nafasi kwa kipande cha kopo, nimeona usukani ukichomoka mtu akiwa kwenye mteremko.

Urefu wenyewe unapimwa kutoka katikati ya bomba la foku hadi katikati ya usukani, ukiufuata mlalo wa stemu.

Ukitaka kuuinua usukani, tafuta mstari wa mwisho uliochongwa kwenye stemu. Mstari huo ukionekana nje ya foku, umeivuta kupita kiasi, irudishe chini au nunua ambayo sehemu yake inayozama ni ndefu zaidi.