Salio la Bando Unalijua, la Siku Je?

Baridi ya Juni imetufungia ndani hapa Mbeya, watu wako chini ya blanketi na simu, na maswali kwangu, fundi simu wenu, yameongezeka. Nimechagua machache kuhusu muda tunaoumaliza kwenye simu. Mengine yote yalikuwa swali moja lililobadilishwa shati, kwa hiyo nimeliweka la kwanza tumalizane nalo.

SWALI: Fundi, nitajie app nzuri ya kupunguza muda wa simu. Wengi mno, kuanzia Tunduma hadi Makambako.

Sitaji. Unataka kutoka simuni kwa kuingia simuni kupakua kitu kingine? Unachokitafuta tayari unacho. Android imekuwa na Digital Wellbeing tangu 2018, na iPhone ikapata Screen Time mwaka huohuo, ilipotoka iOS 12. Ingia Setingi, shuka taratibu, utaikuta. Itakuambia umekaa saa ngapi, app moja baada ya nyingine, na ukitazama vizuri utaona umefungua simu mara ngapi na arifa ngapi zimeingia. Kama simu yako ni ya bei ya chini na haina kitu hicho, nenda sehemu ya Betri uone app ipi inakula chaji. Inayokula chaji kuliko zote mara nyingi ndiyo inayokula siku yako.

Tena mjihadhari. Nyingi ya hizo app za "kukuzuia" zinaomba ruhusa ya ufikivu, ile iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Mwenye ruhusa hiyo anaweza kusoma kinachopita kiooni. Ukiitoa kwa app usiyoijua umemsimamisha mgeni nyuma ya bega lako kutwa nzima. Nyingine zinaomba orodha ya namba zako. Kwa nini kipima muda kihitaji namba ya shemeji yako? Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni, na waliowahi kukopa huko wanajua namba za mashemeji zilivyotumika kuwadai.

SWALI: Mimi si mtu wa simu, haizidi saa moja kwa siku. Tatizo ni mke wangu. Nimfanyeje aone kwamba anazidisha? Baba, Forest Mpya.

Hiyo saa moja umeipima kwa kitu gani?

Nakuuliza kwa sababu ya kijana mmoja aliyeniletea simu hapa Mwanjelwa, kioo kimepasuka. Nikamwambia akae kwenye ile ndoo niliyoigeuza, nusu saa itakuwa tayari. Simu iko mezani mbele ya macho yake, mgongo umefunguliwa, betri pembeni. Mara mkono wake wa kulia ukaenda mfukoni. Ukatoka mtupu. Akatazama barabarani kidogo, mkono ukaenda tena. Nikachukua penseli nikaanza kuchora vijistari kwenye boksi la gundi, yeye hajui. Hadi nawasha kioo kipya vilikuwa 11. Nikamuuliza, hivi wewe simu unatumia kiasi gani? "Kawaida tu, fundi."

Sote ndivyo tunavyojibu. Mwaka 2021 watafiti walikusanya tafiti nyingi zilizolinganisha muda ambao watu husema wanatumia na ule uliorekodiwa na vifaa vyenyewe. Mara chache sana viliendana. Na si kwamba wote walijipunguzia: wengine walijizidishia. Hatujui, basi.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi hawahawa ni mahodari wa kuhesabu. Mtu wa Mbeya umwamshe usiku umuulize amebakiza MB ngapi, atakujibu bila kufungua macho. Zikibaki 50 anakaa wima na kuzima data. Lakini muulize jana alikaa simuni saa ngapi, anacheka. Saa nne kwa siku, ambazo kwa wateja wangu si nyingi, ni saa 1,460 kwa mwaka. Gawanya kwa 24: siku 60 kamili na ushee, mchana na usiku, bila kulala. Kama kuna kampuni ingekukata bando namna hiyo ungekwisha fika dukani kwao kugomba.

Fanya hivi, wewe kwanza, mama mwache apumzike. Asubuhi weka punje 30 za maharage mfuko wa kushoto. Kila unapowasha kioo, hata kwa kutazama saa, hamishia punje moja mfuko wa kulia. Mimi nilipojaribu ziliisha kabla ya saa nne asubuhi, na simu ya kwanza ya mteja nilikuwa sijaimaliza. Kisha jioni fungua takwimu za simu yako mezani, mkeo akiona. Za kwake atakuonyesha mwenyewe bila kuombwa.

SWALI: Kugeuza rangi za kioo kuwa nyeusi na nyeupe kunasaidia?

Mwanzoni, ndiyo. Baadaye macho yanaweza kuzoea.

SWALI: Fundi, mimi ni bodaboda, kijiwe chetu kiko Kabwe. Simu ndiyo kazi yangu, wateja wananipigia. Nitaipunguzaje?

Mteja anayekupigia hahitaji bando lako. Zima data, ongeza sauti ya mlio, simu iendelee kuita kama kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Zikipita saa za msongamano kijiweni, washa utazame ujumbe, uzime. Najua unachoogopa kukosa, na si abiria. Nimekaa vijiweni, nimeona vioo: mkeka wa kubeti wa jana umechanika kwa timu moja, unatengenezwa wa leo. Hiyo nayo ihesabu kama muda wa simu, tena ni muda unaolipia mara mbili.

Na kwa kuwa umenipa nafasi: hii tabia ya kuchomeka simu ndani ya helmeti na kuongea huku unashuka Mlima Nyoka, nyuma yako lori la Zambia, iacheni. Abiria anayeona dereva amefanya hivyo ashuke, hata kama ni mvua.

SWALI: Kamwene, fundi. Mimi ni mwanafunzi hapa Iringa. Bando la usiku wa manane ni rahisi sana, nikilala naona napata hasara. Lakini vipindi vya asubuhi nasinzia. Nifanye nini?

Kamwene, mwanangu. Wewe angalau umeuliza ukiwa na akili timamu.

Bando hilo ni rahisi kwa sababu saa hizo watu wamelala na mitambo haina kazi. Kampuni inauza mabaki, kama mama anayefunga genge usiku anavyokusanyia fungu la nyanya zilizolainika. Nyanya zile ukizinunua unazipika. Wewe unachonunua ni saa tano za kukesha, na bei iliyoandikwa pale ni ndogo kwa sababu nyingine unailipa asubuhi darasani.

Sikwambii usilinunue, najua pesa ya mwanafunzi. Jioni, ukiwa bado na akili, andika kwenye karatasi unachotaka kupakua: mihadhara ile, vitabu vile. Muda ukifika washa upakuaji, geuza simu kifudifudi, iweke mbali na mkono, ulale. Asubuhi utavikuta. Kama ukiandika orodha unaona huna cha kuandika, basi ulikuwa unajiunga ili upate sababu ya kukesha.

SWALI: Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu, hali chakula mpaka nimwekee katuni kwenye simu. Je, dakika ngapi ni salama? Mama, Isanga.

Mama, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019. Kwa mtoto wa umri huo wanashauri asiwekwe kabisa mbele ya skrini, na kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni vizuri zaidi. Hilo ndilo jibu la dakika.

Ila naona swali lako halisi ni namna ya kumwondoa, na hapo naongea kama baba wa watatu, si kama fundi. Simu isionekane wakati wa kula. Si kuizima: isionekane, maana akiiona itabidi mpigane. Mkalishe na watu wanaokula. Mpe kipande cha ndizi ashike mwenyewe, ajipake usoni, aangushe. Siku mbili tatu atagoma na utaona kama unamtesa. Hapo ndipo wengi hurudisha katuni, na mtoto anajifunza kwamba mama hushindwa siku ya tatu. Kama anapungua uzito au anakataa chakula kabisa, mpeleke kliniki, usingoje ushauri wa fundi simu.

Ndugu na majirani nao waambiwe. Kuna wajomba wanaodhani kumpenda mtoto ni kumkabidhi simu.

Kwa wenye watoto wakubwa walioniuliza kuhusu kuwafungia simu: Family Link ya Google ipo tangu 2017 na inafanya kazi. TikTok nao tangu 2023 wameweka kikomo cha dakika 60 kwa walio chini ya miaka 18, kikifika inaomba namba ya siri. Lakini nimeshika simu za watoto wa darasa la saba ambao TikTok inawajua kuwa wamezaliwa 1990. Kagueni hilo kwanza.

SWALI: Nawezaje kuona mchumba wangu anakuwa hewani saa ngapi na anachati na nani? Asiyetaja mahali.

Huo si udhibiti wa muda, ni upelelezi. Kuingia kwenye simu ya mtu bila ruhusa yake kunaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na mimi kazi hiyo sifanyi hata kwa bei mara kumi. Na wanaojitangaza kuifanya, wa kwanza kupelelezwa ni wewe uliyewalipa. Kamuulize mwenyewe.

SWALI: Niko kwenye magrupu 34 ya WhatsApp: ukoo, kwaya, kikoba, kamati za harusi tatu. Nikitoka watasema najivuna. Mama wa Uyole.

Usitoke. Nyamazisha "daima", kisha uhifadhi kwenye kumbukumbu. Siku hizi, tangu 2021, grupu lililohifadhiwa halirudi juu hata ujumbe ukiingia. Acha wazi mawili: la ukoo, kwa ajili ya misiba, na la kikoba, kwa ajili ya pesa. Kamati za harusi zina mweka hazina, atakupigia. Zima pia ule upakuaji wa picha na vidio unaojiendesha wenyewe, simu yako itapumua.

SWALI: Niliweka kikomo cha dakika 30 kwa Instagram. Zikifika naingia Setingi nakiondoa. Nimejaribu mara nyingi. Je, mimi ni mraibu? Dada, Njombe.

Neno hilo waachie madaktari. Wewe umefanya kosa la kawaida: umejifungia mlango halafu ufunguo umeuning'iniza shingoni.

Elewa unachopambana nacho. Zamani ukurasa wa mtandao ulikuwa na mwisho. Ukifika chini unakuta namba 2, 3, 4, unabonyeza kuendelea, na katika ile sekunde ya kubonyeza ndipo akili ilipopata upenyo wa kusema, twende tukateke maji. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja, Aza Raskin, alibuni ukurasa unaojiongeza wenyewe kila ukishuka. Upenyo ukazibwa. Baadaye yeye mwenyewe alijitokeza hadharani akasema anajuta. Majuto yake hayakuuondoa kwenye simu yako.

Kwa hiyo usishindane nao ukiwa ndani. Ifute app kabisa. Akaunti inabaki, hakuna mfuasi utakayempoteza. Ukitaka kuingia, ingia kwa kivinjari, andika neno la siri kila mara, na ukimaliza utoke. Lile neno lifanye refu, lenye namba na alama, lisihifadhiwe popote ila kwenye karatasi ndani ya kabati. Utashangaa ni mara ngapi utafika katikati ya sebule na kugundua kwamba hukuwa unataka kitu chochote. Mke wangu alifanya hivyo mwaka jana. Wiki ya kwanza alikuwa mkali kwa kila mtu, hata kuku. Wiki ya tatu aliniuliza kama yale maparachichi ya nyuma ya nyumba yamekuwa yakizaa hivi siku zote.

Kama unaitumia kuuzia nguo, hilo ni jambo lingine: weka saa mbili za duka kwa siku, uwaandikie wateja saa hizo, na ununue kitochi cha kubaki nacho.

SWALI: Huwa unatuambia usiku simu ilale jikoni, si chumbani. Alamu je? Mkulima, Mbalizi.

Saa ya mezani ya betri ipo kwa wachuuzi pale soko la Sido. Na wewe mkulima wa Mbalizi, jogoo wa jirani umemfanya nini?