Maswali na majibu: Kitabu kimoja, washairi arobaini na wanne

Wiki mbili zilizopita niligusia vitabu vinavyokusanya mashairi ya Marekani ya baada ya Vita Kuu ya Pili, maswali yakamiminika. Nimechukua matano.

Mashairi haya yamejaa mtandaoni, tena bure. Kwa nini nitoe hela ninunue mkusanyo? (Msomaji, Dodoma)

Kama hela ni ya mawazo, usinunue, azima. Lakini nikwambie yaliyonipata. Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilichukua maktaba kitabu kilichokatika mgongo, shida yangu ikiwa mshairi Allen Ginsberg tu, kwa sababu ndiye aliyekuwa akitajwa na kila mtu. Kurasa zikafunguka kwa Frank O'Hara, jina ambalo sikuwahi kulisikia, na siku hiyo Ginsberg alinisubiri. Mtandaoni ningeandika jina la Ginsberg, nikampata Ginsberg, nikaenda zangu kula.

Antholojia na diwani ni kitu kimoja? (Msomaji, Mombasa)

Kwa desturi yetu diwani huwa ya mshairi mmoja, kama Diwani ya Shaaban. Antholojia ni ya wengi, na nyuma yao yupo mhariri aliyechagua. Huyo ndiye wa kumkodolea macho.

Nianze na ipi? (Wasomaji watatu, kwa maneno tofauti)

Anza na *The New American Poetry*, iliyohaririwa na Donald Allen na kutolewa na Grove Press mwaka 1960. Zipo nene kuliko hiyo, zipo zenye usawa zaidi, na wengine wataniona mkaidi. Naipenda kwa sababu ina upande.

Miaka mitatu kabla yake, Donald Hall, Robert Pack na Louis Simpson walitoa mkusanyo wao wa washairi vijana wa Uingereza na Marekani, utangulizi ukiandikwa na Robert Frost. Humo wengi walizingatia mizani na vina, kazi safi, iliyopigwa pasi. Allen akaja na washairi 44, wengi wao wa mashairi huru, yaani yasiyofungwa na mizani na vina, wakichapisha katika vijarida vidogo visivyofika madukani. Weka vitabu hivyo viwili mezani: hakuna hata mshairi mmoja aliyemo katika vyote viwili. Nchi moja, miaka ileile! Robert Lowell, akipokea tuzo ya National Book Award mwaka 1960, alisema kuna mashairi ya aina mbili yanayoshindana, yaliyopikwa na mabichi. Waliosoma malumbano yetu kuhusu mashairi huru baada ya *Kichomi*, diwani ya Kezilahabi, mwaka 1974 watajisikia nyumbani, ingawa sisi tulitupiana maneno makali zaidi.

Allen aliwagawa watu wake katika mafungu matano: Black Mountain (jina la chuo), San Francisco, Beat (kundi la akina Ginsberg), New York, na la tano la waliobaki. Mwenyewe alikiri kwamba mipaka hiyo haikuwa ya kushikiliwa sana. Denise Levertov, mzaliwa wa Uingereza, yumo fungu la Black Mountain bila kuwa na uhusiano na chuo chenyewe kule North Carolina. Walikuwa wakichapisha katika majarida yaleyale tu.

Ushauri mmoja: anza mwisho wa kitabu. Huko washairi wanaeleza kwa nathari namna wanavyotunga, na humo imo insha ya Charles Olson ya mwaka 1950 isemayo mshororo upimwe kwa pumzi ya mtunzi. Aliyekulia kwenye mizani nane kwa nane atabisha. Abishe, lakini ajaribu kusoma mashairi yale kwa sauti kwanza.

Ni kweli watu weusi na wanawake walifungiwa nje ya mikusanyo hiyo? (Msomaji, Nairobi)

Hesabu mwenyewe. Kati ya 44, wanawake ni wanne: Levertov, Barbara Guest, Helen Adam na Madeline Gleason. Mweusi ni mmoja, LeRoi Jones, aliyekuja kuitwa Amiri Baraka. Gwendolyn Brooks, mshairi mweusi aliyekuwa ameshapata tuzo ya Pulitzer tangu 1950, hayumo. Kitabu kinachojigamba kwamba kimefungua milango! Nakipenda, na hilo silitetei.

Majibu yalikuja kwa njia ileile ya mikusanyo. Mwaka 1968 Jones mwenyewe, pamoja na Larry Neal, alitoa *Black Fire*. Mwaka 1973 Florence Howe na Ellen Bass wakatoa *No More Masks!*, ya wanawake watupu. Ila si kila pengo ni dhamira ya mhariri. Mkusanyo wa mashairi ya Marekani uliotolewa na Penguin mwaka 2011, mhariri akiwa Rita Dove, una washairi 175 na bado Ginsberg na Sylvia Plath hawamo. Dove alieleza kwamba ada ya haki ya kuyachapisha mashairi yao ilimshinda.

Nafundisha sekondari. Nimejaribu kutafsiri "We Real Cool" ya Brooks, inanikatalia. Nifanyeje? (Mwalimu, Morogoro)

Shairi hilo limo karibu kila mkusanyo, hadi Brooks mwenyewe alitamani wahariri wachague na mengine yake. Kwa wasiolijua: vijana saba wacheza pool, ule mchezo wa mipira ya mezani, walioacha shule, wanajisifu. Maneno 24, kila moja silabi moja, mishororo minane. Saba ya kwanza inaishia na "We", sisi, ambalo Brooks alilisoma kwa sauti ya chini. Wa nane unasema watakufa karibuni, na mwisho wake hauna "We". Sisi imekwisha.

Kinachokushinda, Mwalimu, ni kiambishi. Ukiandika "tutakufa", ile *tu-* imewarudisha walewale saba mlangoni. Huwezi kuikata ukaiacha ining'inie mwisho wa mshororo uliotangulia. Mimi ningeacha "Sisi" peke yake kila mwisho, nikavivua vitenzi nafsi yake:

Sisi wajanja. Sisi
shule, basi. Sisi

na kuendelea hivyo hadi mshororo wa mwisho:

kufa karibu.

Silabi moja moja zimepotea, sina dawa yake. Wape wanafunzi wako wajaribu, kisha unitumie walichopata.