Muziki gerezani: kwa nilichokiona mimi, kinachomjenga mfungwa ni mazoezi, sio shoo

Mkuu umeuliza kama kuwafundisha wafungwa muziki kuna maana yoyote au hizo hela bora zikanunue magodoro na dawa, na wachangiaji kadhaa hapo juu wamesema wazi kwamba mhalifu hastahili kuimba wakati aliyemuumiza bado analia. Mimi ni mwalimu wa kwaya, kwa miaka kadhaa nilikuwa naingia na wenzangu wa kanisani gereza moja la wanaume huku Kanda ya Ziwa kila Jumamosi (jina nalihifadhi), kwahiyo naongea nilichokiona.

Mwanzo tulikuwa tunafanya kama vikundi vingine, tunaimba, neno kidogo, sabuni zinagawiwa tunaondoka. Wanafurahi sana aisee, wengine wanalia kabisa, ila hiyo ni burudani. Mambo yalianza kuwa tofauti pale nyapara mmoja alipoomba wafundishwe sauti nne wenyewe. Gitaa lilikataliwa getini kwa sababu ya nyaya, na afande alikuwa na haki yake pale, kwahiyo tulibaki na chaki na koo. Nilikuwa naandika solfa, yaani noti za kuimba zinazoandikwa kwa herufi, kwenye sakafu ya simenti, d r m f s l t, na nyimbo zote ikabidi nizipange upya maana hakuna soprano wala alto (sauti za wanawake), ni tena (sauti ya juu ya kiume) wa kwanza, tena wa pili, baritoni na besi, ile nzito kabisa.

Kulikuwa na jamaa mmoja wa besi, mtu wa miraba minne, sauti inatikisa bati. Kuna sehemu besi walitakiwa wakae kimya mapigo manne ndio waingie, huyu bwana anaingia la pili, kila siku. Akikosea mtu akacheka anasimama na ngumi, mazoezi yanavunjika. Sasa aliyekaa pembeni yake, kijana mdogo kabisa kwake, akaanza kumgonga mgongoni taratibu moja mbili tatu nne, halafu anamwachia aingie. Wiki zikapita anagongwa hivyohivyo, baadaye akawa anajigonga mwenyewe pajani. Nyapara akaja kuniambia siku hizi hata akichokozwa kwenye foleni ya ugali anamuona anagonga paja. Sisemi muziki ulimponya, alikuwa na siku zake mbaya mpaka naacha kwenda, ila mtu ambaye maisha yake yote akishikwa na hasira mkono unatangulia, alipata kitu cha kufanya kabla ya mkono. Na hakukipata kwenye mahubiri yangu, alikipata kwa kurudia sehemu ileile mpaka inachosha. Halafu hakuwa anajua kusoma, zile herufi saba za solfa ndio zilikuwa herufi zake za kwanza, na baada ya hapo mwenyewe akaomba aingizwe darasa la kisomo.

Ndio maana watu wakitaja gereza la Zomba kule Malawi naomba wasiishie kwenye tuzo ya muziki ya Grammy. Ni kweli produza Mmarekani Ian Brennan alienda kurekodi nyimbo za wafungwa pale 2013, gereza lilijengwa kwa watu kama 340 likawa limebeba 2,000 hivi, albamu ikatoka 2015 na ikaingia kwenye kinyang'anyiro cha Grammy, akashinda Angélique Kidjo wa Benin. Mimi kinachonigusa ni upande wa wanawake. Wanaume walikuwa na bendi na vyombo, wanawake hawakuwa na vyombo kama vile na walianza kwa kusema wao sio watunzi. Akajitokeza mmoja akaimba wimbo wake, wengine wakaanza kupanga foleni. Nyimbo walikuwa nazo siku zote ila hapakuwa na mtu wa kukaa azisikilize. Na Brennan hakuingia bure, makubaliano yalikuwa awafundishe pia namna ya kuzuia ugomvi na vurugu.

Mwingine ni Wayne Kramer, mpiga gitaa wa bendi ya rock ya MC5 ya Detroit, Marekani, alifungwa miaka ya 70 kwa cocaine, na kwenye gereza la Lexington, Kentucky akamkuta Red Rodney, mpiga tarumbeta aliyewahi kupiga na gwiji wa jazz Charlie Parker, naye mfungwa, akamfundisha muziki humohumo ndani. Mwaka 2009 Kramer na mwanamuziki Mwingereza Billy Bragg wakaanzisha Jail Guitar Doors upande wa Marekani, kupeleka magitaa magerezani ili watu wafundishwe. Aliifanya kazi hiyo mpaka amefariki 2024.

Hoja ya magodoro naiheshimu, nimeona watu wanavyolala. Ila Kenya pale kuanzia 2003 mzee Moody Awori akiwa Makamu wa Rais, magodoro yaliingia magerezani na redio na TV zikaingia pia, hakuna aliyelazimika kuchagua kimoja. Na solfa haili bajeti ya mtu, ni chaki tu!

Kuhusu walioumizwa, mdogo wangu aliporwa akapigwa nondo, sijibu hili kirahisi. Aliyempiga alifungwa, akamaliza, ametoka, yupo mtaani na tunapishana naye. Mimi nataka huyo mtu awe ametoka na kitu kichwani.

Panaponiuma ni akishatoka. Kila 9 Desemba na 26 Aprili msamaha wa Rais ukitangazwa unakuta waimbaji wako wa tena wote wameondoka, unafurahi unaanza upya, lakini huko nje kwaya nyingi zikishajua katoka jela zinamkalisha benchi la nyuma na mkoba wanaushika vizuri. Wachache niliofanikiwa kuwaingiza kwaya za mtaani ni wale niliowasindikiza mwenyewe siku ya kwanza nikakaa nao mpaka mwisho wa mazoezi.

Kwahiyo mkuu kama una nia kweli, andika barua kwa mkuu wa gereza, taja siku na saa, halafu usikose hata mvua inyeshe, maana ndani kule mtu anaihesabu hiyo siku. Kabla hujaanza tafuta kwaya mbili tatu za nje zitakazokubali kuwapokea. Nyimbo nilizopanga kwa sauti za wanaume ninazo kwenye simu, na za sauti mbili kwa ile miezi ambayo waimbaji wa tena wameisha, nicheki PM nakutumia.