Vumbi la ghorofa na vidole kuvimba: jibu kwa aliyeuliza kuhusu mdogo wake

Mkuu umeuliza kama vumbi la lile ghorofa lililoporomoka Kariakoo, Novemba 2024, linaweza kuwa chanzo cha dogo kuvimba vidole maana alijitolea kufukua pale. Mi si daktari ila hii kitu ninayo mwilini, acha niseme ninachokijua.

2001 nilikuwa New York. Siyo zimamoto wala nini, mfagiaji tu, wakala mmoja alikusanya wahamiaji kibao tukasafishe maofisi karibu na pale ilipoangukia ile minara ya World Trade Center iliyogongwa na ndege Septemba 11. Vumbi lilikuwa kila mahali, kwenye mazulia, ndani ya kompyuta, juu ya dari, laini kama unga wa sembe, na tulipewa vibarakoa vya karatasi ambavyo ukitoka jasho vinalowa unatupa unaendelea hivyohivyo. Ndani ya vumbi hilo kulikuwa na saruji iliyosagika, jipsamu, nyuzi za vioo, asbesto, madini ya risasi, na masizi ya moto uliowaka chini ya kifusi hadi Desemba.

Kikohozi kilikuja mapema. Viungo vilichukua miaka. Asubuhi nashindwa kufunga vifungo vya shati mpaka saa nne ndo vidole vinalegea, daktari wa kwanza akasema ni kazi za mikono na umri, meza dawa za maumivu. Baadaye sana mwingine akapima damu kipimo cha anti-CCP, kile cha kutafuta dalili za baridi yabisi kwenye damu, kikasoma juu, ikawa baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo vyako mwenyewe.

Sasa sikia hapa. Watafiti wa idara ya zimamoto ya New York walitoa matokeo 2015 kuhusu wazimamoto na watu wa ambulansi waliofanya kazi pale, wakakuta uwezekano wa kupata magonjwa ya namna hii unapanda kama asilimia 13 kwa kila mwezi wa ziada mtu aliokaa kwenye kifusi, aliyekaa miezi 10 ni kama mara 3 ya aliyekaa mwezi mmoja. Kilichoonekana wazi ni muda, kuliko hata kuwepo asubuhi ile minara inaanguka! Watu huwa wanawafikiria wale wa kwanza kufika, wanaobaki kuzoa na kufagia hakuna anayewauliza. Ila usimtishe dogo, kati ya maelfu ya watu wale, waliougua walikuwa makumi tu, na kama alifukua siku chache yeye siyo wa kundi la miezi 10.

Kinachoshukiwa sana ni vumbi la madini ya silika, yapo kwenye zege na mchanga. Ukiivuta, chembe walinzi za mapafu zinaimeza zinashindwa kuiyeyusha, zinakufa, uvimbe unaendelea, mwisho mwili unaanza kutengeneza kingamwili, yaani askari wa damu, wanaoushambulia mwili wenyewe. Siyo habari mpya, daktari Caplan aliona mapafu na viungo vya wachimba makaa wa Wales vinaumwa pamoja tangu 1953. Sigara inaongeza moto, kama anavuta aache.

Kwa hiyo asikubali kuambiwa umechoka tu. Kama viungo vinakaza zaidi ya nusu saa kila asubuhi, tena mikono yote miwili, wiki kadhaa, aende hospitali ya rufaa aombe vipimo vya baridi yabisi na picha ya kifua, dawa zikianza mapema zinasaidia viungo visipinde. Na amtajie daktari vumbi, wengi hawaulizi. Aandike leo tarehe alizokuwepo, upande gani wa jengo, alikuwa na nani, atunze na picha za simu. Mimi nilipokuja kujaza fomu za mpango wa matibabu ya waathirika wa ile minara, wakala aliyetuajiri alishafunga ofisi, ikabidi nizunguke kutafuta niliofagia nao waniandikie ushahidi, na hata nilipokubaliwa walinilipia kifua tu, baridi yabisi haikuwemo kwenye orodha yao.

Na kama bado anachukua vibarua vya kubomoa, kifusi kimwagiwe maji kwanza ndo kiguswe, avae barakoa ya N95, ile ya kuchuja vumbi laini, inayobana uso, siyo kitambaa.